Chumba cha Nyuma kwa Lukresia

Kijiwe chetu kiko Lizaboni, hapa Songea, kwenye kona inayotazamana na nyumba ya Lukresia, na kama hujawahi kukaa pale mwezi wa saba, ukungu wa milima ya Matogoro umeshuka mpaka kwenye mapaa na mtu wa ng'ambo ya barabara anaonekana miguu tu, basi baridi unaisikia kwa jina. Benchi ni la wanaume. Mimi, bibi Lidwina, nakaa pembeni na beseni langu la vitumbua, na kwa kuwa hajazaliwa mwanamume wa kumfukuza mwenye vitumbua, yote nayasikia. Wananiita Redio Mbao, na sijakasirika bado. Mwaka wenyewe ni ule mbolea ilipoondolewa ruzuku, kila mtu akageuka mfanyabiashara na mnunuzi hakuna. Wenye benchi walikuwa watatu. Wakili, jina lake Dastan, ambaye sheria yote aliyonayo aliipata akiita mashahidi kwenye mlango wa mahakama ya mwanzo. Soko Huria, yaani mzee Otto, mtunza ghala wa ushirika mpaka ushirika ukafa mikononi mwake, siku hizi anauza mitumba, na hata akijikwaa anasema ni soko huria. Na Pima Maji, fundi mwashi Bakili, ambaye ukuta wake haujawahi kunyooka lakini kifaa cha kuupimia anacho. Kahawa ilikuwa ya Abasi, Myao wa Tunduru, mgeni bado mjini, anayekaanga buni za Mbinga mpaka mtaa mzima unapiga chafya. Siku hiyo mchana ukungu ulikataa kuondoka, na Lukresia akatoka ndani yake akiwa na bahasha kubwa mkononi.

Lukresia: Hamjambo hapa. Shikamoo mzee Otto. Shikamoo bibi.

Soko Huria: Marahaba, mwanangu. Kaa. Abasi, mpe mama kikombe.

Lukresia: Sikai. Ofisi ya kodi inafunga leo kupokea mapingamizi, na sijui nipeleke au nisipeleke. Wakili, nisomee hii.

Kabla Wakili hajatafuta miwani yake, niwaeleze habari ya milango.

Watu wa kodi ya majengo walipotangaza kwamba watapita kukadiria nyumba, mtaa ukapata maneno kwamba wanahesabu milango. Chumba kisicho na mlango si chumba, ni njia ya kupita. Nani alizua, mara hii kweli sikuwa mimi. Basi ungeona Lizaboni siku hizo. Watu waling'oa milango wakaifukia kwenye mahindi, wakaipandisha darini, wakaisukuma chini ya vitanda. Kwenye vyumba wakaning'iniza khanga. Mzee mmoja na mkwewe walitenganishwa na khanga nyepesi, kila mmoja akikohoa usiku mwenzake anasema pole.

Lukresia yeye aling'oa mmoja tu, wa chumba cha marehemu mumewe Bartolomeo. Bartolomeo alikuwa seremala, wa kufundishwa misheni, na ule mlango wa mninga aliupiga randa mwenyewe mpaka ukawa unamrudishia mtu sura yake. Lukresia aliona mlango wa namna ile utawatia wakadiriaji tamaa. Akamwomba Pima Maji wakautoa, wakauegemeza kwenye ukuta wa nyuma, kwa nje. Mkadiriaji akaja na chaki, kila mlango anautia alama. Akazunguka nyuma, akaukuta ule umesimama, akautia alama na wenyewe, akahesabu chumba. Siku ile tulicheka mpaka kahawa ikatupalia. Ila kwa chumba hicho nyumba yake ilipanda daraja, ikaandikwa nyumba ya kupangisha, na kodi ya nyumba ya kupangisha Lukresia haiwezi hata akiuza kivuli chake.

Sheria ikasema unaweza kupinga, lakini lete uthamini wa mtaalamu. Enzi hizo za ruksa wathamini nao walikuwa wameanza kufungua ofisi zao wenyewe. Lukresia akauza cherehani, akamleta mmoja kutoka Mbeya, mtu wa tai na viatu vilivyopigwa rangi. Akashinda pale siku nzima na futi kamba yake. Bahasha ile ndiyo ilikuwa kazi yake.

Wakili: Huyu mtu ni mtu. Ameandika ufa wa sebuleni. Ameandika bati lenye kutu. Mchwa amewaandika. Choo amekiandika kwa huzuni kabisa. Mama, umeshinda. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe hukuziba, ndiyo maana umeshinda.

Lukresia: Geuza ukurasa.

Akageuza. Midomo yake ikaendelea kusoma, sauti ikakatika.

Soko Huria: Nini, wameandika Kiingereza?

Wakili: Chumba cha nyuma. Urefu wake, upana wake. Mlango wa mninga. Dirisha moja, linatazama Matogoro. Sakafu ya udongo, imepigwa vizuri, kavu.

Pima Maji: Chumba cha nyuma cha nani?

Lukresia: Changu.

Pima Maji: Wewe huna chumba cha nyuma. Nyumba ile nimeijenga mimi. Nyuma kuna ukuta, na baada ya ukuta kuna migomba ya jirani.

Lukresia: Nimemfuata gesti asubuhi kabla hajapanda basi. Nikamwambia, baba, umeandika chumba kisichokuwepo. Akaniangalia kama mtu anayetaniwa na mtu asiye mtani wake. Akasema, mama, mimi sithamini nyumba kwa kuchungulia. Nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikaingia, nikapima. Yule mzee ndiye aliyenishikia ncha ya pili ya kamba.

Soko Huria: Mzee gani?

Lukresia: Nami niliuliza hivyo hivyo. Akasema, mzee wako, yule mwenye vumbi la mbao mikononi. Akapanda basi.

Nilikuwa nimeshika kitumbua kumpa Wakili. Nikakirudisha kwenye beseni. Abasi aliacha kugonga vikombe vyake, na vikombe vya muuza kahawa vikinyamaza unasikia mpaka ukungu unavyodondoka kwenye majani.

Wakili ndiye aliyeokota maneno kwanza. Wakili hawezi kukaa na kimya, anaona kama ameshindwa kesi.

Wakili: Rushwa. Amekatiwa kitu kidogo na wakadiriaji ili hesabu zilingane.

Lukresia: Hawajui hata alifika. Nilimtoa stendi mwenyewe nikampeleka mwenyewe.

Wakili: Basi amenakili karatasi yao. Uvivu wa wasomi.

Lukresia: Karatasi yao haina dirisha. Wao waliandika chumba cha nyuma, wakaishia hapo. Huyu ameandika dirisha na ameandika linatazama wapi.

Wakili: Hata hivyo kisheria hakipo. Nyumba njema si mlango. Umesikia? Si mlango. Kwa hiyo kuwa na mlango si kuwa na chumba. Kesi imekwisha.

Abasi: Umeukata, kaka Dastan.

Wakili: Nimekata nini?

Abasi: Huo msemo. Unaendelea. Fungua uingie ndani.

Wakili hakupenda kufundishwa methali na mtu wa Tunduru. Akavuta kahawa kwa kelele.

Wakili: Haya. Wa kwangu mwingine huu. Asiyekuwepo na lake halipo. Bartolomeo hayupo, tulimzika sote, na padri alikuwepo. Yeye hayupo, chumba chake hakipo. Andika hivyo, mama, peleka.

Soko Huria: Dastan, unahukumu kwa sheria za zamani. Zamani, chama kikishika hatamu, mtu akifa amekufa. Ghala likifungwa limefungwa, ufunguo uko kwa mtunza ghala, na mtunza ghala ni mimi. Sasa wamefungua mipaka. Zimeingia redio, zimeingia baiskeli, sabuni zenye harufu ya matunda zimeingia. Nani aliwahakikishia kwamba ule mpaka mwingine umebaki umefungwa?

Pima Maji: Mpaka upi, mzee?

Soko Huria: Mimi nauza nini pale sokoni?

Pima Maji: Mitumba.

Soko Huria: Watu wanaitaje mitumba?

Pima Maji: Kafa Ulaya.

Soko Huria: Kafa Ulaya. Marobota kwa marobota, kila shati na mwenyewe. Njia ya mashati wameifungua, mkadhani wenye mashati watabaki huko uchi wanatazama? Juzi nimefungua robota asubuhi, baridi kama hii. Nikatoa koti. Nikaingiza mkono mfuko wa ndani, maana watu husahau vitu. Mfuko ulikuwa na joto.

Mimi nikacheka, maana mtu anapotishwa lazima mmoja acheke ili wengine wajue bado ni mchana.

Redio Mbao: Umeliuza?

Soko Huria: Nimelirudisha. Nimefunga robota, nimelikalia.

Redio Mbao: Ndiyo maana leo umetembea umenyooka. Umepashwa moto.

Soko Huria alicheka kidogo, Wakili akacheka zaidi yake. Lukresia alikuwa ameitazama nyumba yake muda wote huo, ambayo kwa ukungu ule ilikuwa paa tu, halijashikwa na kitu. Pima Maji hakucheka. Nilimwona anafungua mkono wake na kuufunga, anaufungua na kuufunga, kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

Redio Mbao: Bakili, una nini na huo mkono?

Pima Maji: Hamna kitu, bibi.

Redio Mbao: Hamna kitu huwa hakifungwi kitambaa. Kidole kimefanya nini?

Lukresia: Mwambie, fundi. Na mimi hujanieleza. Nilikutuma asubuhi ukaulaze ule mlango, nimerudi kutoka gesti nimeukuta umesimama.

Pima Maji akamtazama, akatazama kikombe chake.

Pima Maji: Kwanza mjue, kosa ni langu. Sisi mafundi mlango hatuusimamishi pasipo na nyumba. Tunaubeba umelala, tunaulaza chini mpaka fremu yake iwe tayari. Na mwenye mlango akiwa amefariki ndiyo kabisa, unalazwa kifudifudi. Aliyenifundisha kazi alisema mlango uliosimama unangoja mtu. Siku ile kulikuwa na matope, mama hakutaka mninga uoze. Nikasema haya, nauegemeza kidogo. Kidogo hiyo ndiyo hii.

Wakili: Leo asubuhi je?

Pima Maji: Leo asubuhi nimekwenda. Mlango ule wanaubeba wanaume wawili, mnajua. Nikasema nitaushusha polepole peke yangu. Nikauvuta kidogo nichungulie nyuma yake. Ukuta. Matofali yangu mwenyewe, na lile moja lililopinda. Nikatulia roho. Nikashika upande wangu nianze kuulaza.

Akaufungua tena ule mkono, akautazama.

Pima Maji: Ukawa mwepesi.

Soko Huria: Mwepesi vipi?

Pima Maji: Mwepesi kama mnabeba wawili. Mtu kashika upande wa pili. Tena mtu anayejua kazi, maana nikiinama anainama, nikipumzika anapumzika. Kwa mazoea nikasema ahsante.

Wakili: Akasema nini?

Pima Maji: Akasema taratibu, kidole.

Kisha akafungua kitambaa tukaona kucha imekuwa nyeusi.

Pima Maji: Sikumsikiliza. Niliuachia nikakimbia.

Abasi akasema astaghfirullah kwa sauti ya chini. Wakili alisogea benchini mpaka bega lake likamgusa Soko Huria, na hao wawili walikuwa hawajapatana tangu uchaguzi wa balozi wa nyumba kumi.

Wakili: Inaweza kuwa jirani.

Pima Maji: Jirani yuko hospitali Peramiho na mgonjwa wake.

Wakili: Inaweza kuwa upepo.

Pima Maji: Upepo ukaijua kucha yangu?

Soko Huria: Abasi, wewe mtu wa dini. Nyie mnasemaje?

Abasi: Sisi tunasema majini wapo, na hukaa nyumba isiyosomwa Kurani. Lakini jini hasaidii kubeba. Jini anataka kubebwa.

Akafuta birika lake, akalifuta tena mahali pale pale. Kisha akauliza polepole kabisa, kama mtu anayeuliza kama kuna maji kisimani.

Abasi: Kwani yule mzee wa nyuma ninayempelekea kahawa ndiye mnayemzungumzia?

Naapa vitumbua vyangu vilipoa kwa pamoja.

Lukresia: Unapeleka kahawa wapi?

Abasi: Kwako, mama. Kwa nyuma. Nikipita na birika ananiita, nami nazunguka. Mlango unafunguka kiasi cha mkono kupita, natoa kikombe, napewa kikombe. Mimi mgeni, nikajua ni mzazi wenu, mgonjwa, hataki baridi. Kikombe kinarudi na vumbi la mbao kwenye ukingo. Nikasema kumbe mzee ni seremala.

Wakili: Na sisi ulikuwa unatunywesha kwa vikombe hivyo hivyo?

Abasi: Naviosha, kaka.

Wakili akaweka kikombe chake chini kwenye majani, mbali, akakipa mgongo.

Lukresia: Abasi, mwanangu. Anakunywaje?

Abasi: Anaomba kikombe kipashwe moto kwanza. Nimwage maji ya moto, niyazungushe, niyamwage, ndipo nitie kahawa. Hakuna mteja mwingine anayenisumbua hivyo.

Lukresia alijifunika mdomo kwa pembe ya khanga. Mimi nimekaa jirani na nyumba ile tangu Bartolomeo analeta mbao za kwanza, na nilikuwa namsikia mkewe asubuhi asubuhi anamsuta: kikombe kipashwe, kikombe kipashwe, wewe umeoa kikombe au umeoa mtu. Abasi alikuwa hajafika hata Namtumbo, njiani kuja huku, wakati huo.

Nikaona sasa zamu yangu. Wanaume watazunguka jambo mpaka jua lizame, wanaogopa kulikanyaga.

Redio Mbao: Lukresia, wewe mwenyewe umeshaingia?

Lukresia: Sijaingia, bibi.

Wakili: Anaogopa kumkuta. Ni haki yake.

Lukresia: Naogopa nisimkute.

Akaishusha khanga mdomoni.

Lukresia: Siku aliyofariki nilikuwa shamba, njia ya Namtumbo, tunavuna. Wamekuja kuniita nimekuta watu wamejaa uani. Kila mtu alikuwa ameshamwona. Bibi huyu alimwona. Mzee Otto alimwona. Walikuja kumuaga hata waliotoka Madaba kwa gari la mahindi. Mimi nilifika wakati wa kupigilia jeneza. Sasa mthamini wa Mbeya, mtu wa tai, asiyetujua, ameingia amepima. Abasi anapewa kikombe mkononi. Bakili ameambiwa angalia kidole. Mimi ninapita mbele ya ule mlango nikienda kuanika nguo, hata kikohozi sijasikia. Nikibisha nikakuta ni matofali, nitakuwa nimezikiwa mara ya pili.

Soko Huria: Sasa, mwanangu, shida yako ni nini hasa? Unataka chumba kifutwe au unataka kibaki?

Lukresia: Kikibaki sina nyumba. Wataipiga mnada, nitakwenda kukaa Madaba kwa kaka yangu, nikapimiwe unga na wifi. Kikifutwa nina nyumba. Nimeuza cherehani kukifuta. Sasa imebaki nusu saa ofisi ifunge, na miguu haiendi.

Wakili: Chana ukurasa huo tu. Peleka uliobaki.

Lukresia: Nimejaribu. Mikono nayo haiendi.

Ni hapo tuliposikia kengele ya baiskeli. Ilitoka upande wa nyumba ya Lukresia, si upande wa barabara. Baiskeli ikajitokeza ukunguni, ikisukumwa na dada mmoja wa makamo, sweta la kijani, mfuko wa ofisi begani, viatu vimejaa matope mekundu ya nyuma ya nyumba.

Noela: Shikamooni hapa. Naitwa Noela, natoka ofisi ya kodi ya majengo. Namtafuta Lukresia mjane wa Bartolomeo. Nimegonga mbele kimya, nikazunguka.

Hakuna aliyeitikia shikamoo yake, jambo ambalo Songea halijawahi kutokea. Ilibidi niitikie mimi kwa niaba ya benchi.

Lukresia: Ndiye mimi.

Noela: Mama, tulisikia umeleta mthamini wako. Nikasema badala ya wewe kuja kupanga foleni, nije nione mwenyewe, maana baraza linakaa kesho. Hiyo ndiyo ripoti?

Lukresia akampa. Yule dada akaegemeza baiskeli kwenye benchi letu, akasoma palepale amesimama, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Alipofika ule wa chumba cha nyuma nilimwangalia usoni. Uso haukubadilika hata kidogo.

Noela: Nimeelewa. Mama, mimi nakubaliana na wewe.

Wakili: Unakubaliana?

Noela: Kile si chumba. Nimetoka huko sasa hivi. Nimezunguka pande zote, hakina msingi, hakina paa. Hapana hata mahali ambapo kingekaa, mgomba wa jirani umeshika ukuta. Mkadiriaji wetu alikosea, na huyu mthamini amekosea, msinizungushe. Nakifuta hapa hapa, nyumba inarudi daraja la makazi, na kesho nalieleza baraza.

Mnaweza kuona mabega ya wanaume yanavyoshuka hofu ikiondoka. Yalishuka ya wote watatu. Wakili alikiokota kikombe chake kwenye majani.

Wakili: Niliwaambia. Asiyekuwepo na lake halipo. Sheria ni sheria.

Soko Huria: Dada, kaa unywe kahawa. Abasi, miminia serikali.

Abasi alilinamisha birika. Likatoa tone moja, likatoa mvuke. Noela hakujali. Alikuwa ametoa kalamu, ameshaiweka kwenye mstari, mkono mmoja umeshika karatasi isipeperuke. Kisha akainua kichwa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo la kuulizia kabla ya kutia sahihi.

Noela: Ila nielekezeni kitu kimoja, maana nimemwahidi nitampa jibu nikirudi. Yule mzee nimwambie ahamie wapi?

Wakili akakirudisha kikombe chake kwenye majani. Soko Huria akatazama viatu vyake, Pima Maji kucha yake, Abasi ndani ya birika tupu kama jibu limeganda chini kwenye machicha. Mimi nikafunika beseni langu. Yule dada alitugeukia mmoja mmoja, kwa adabu, anangoja.

Lukresia akanyoosha mkono, akaitoa ripoti kwenye vidole vyake, akaikunja, akaitia kifuani.

Noela: Mama, niache nikifute. Ofisi inafunga.

Lukresia: Kiache.

Noela: Kibaki?

Lukresia: Kibaki.

Akavuka barabara. Ukungu ulimla miguu kwanza. Alipita mlango wake wa mbele bila kuugusa, akashika njia ya kuzunguka nyuma.

Hapo benchi likapata kazi. Wakili akakumbuka mgonjwa wa kumjulia hali. Soko Huria akakumbuka robota lake halina wa kulikalia. Pima Maji hakukumbuka kitu, aliondoka tu, na Abasi akaondoka naye akiwa amevibana vikombe kwapani visigongane. Noela alipanda baiskeli taratibu, akashika njia ya mjini, hakugeuka.

Mimi nilibaki. Umbea na woga havikai beseni moja, na beseni langu nalijua. Nilibana pumzi nikasikiliza.

Nilimsikia anabisha hodi. Sikusikia aliitikiwa nini, ukungu ulikuwa mzito. Nilichosikia ni kiti, kinasogezwa kwenye sakafu ya udongo, kama mtu anampisha mwenzake karibu na dirisha.